Dakika ya Nane

Kila dakika kumi, na tena mwishoni:
ndivyo sheria inavyosema, na Reino Kangas
aliishika kama mtu aliyeshika kamba ya kisima.
Alikuwa na saa ya jikoni yenye umbo la yai,
aliyomnunulia mkewe walipokuwa bado wanafuga kuku.
Ikilia tu, ananikata neno, anakohoa,
anakivua Kifini chetu kama viatu mlangoni,
na kwa Kiingereza, herufi moja moja,
anazitaja herufi za kituo chake.

Maana na hiyo ni sheria: ongea lugha uitakayo usiku kucha,
msengenye mchungaji, lalamikia bei ya mafuta ya kupasha nyumba,
lakini ukijitambulisha, ni kwa Kiingereza.
"Kama kuvaa tai," alisema. "Halafu unaivua."

Nilimcheka. Mimi Wendla wa Marquette,
maili mia kutoka kwake, ufuko ule ule wa Ziwa Superior.
Reino, nilimwambia, nani asiyekujua?
Miaka kumi na tisa, kila Alhamisi, masafa yale yale,
na wa kutusikiliza ni theluji tu.
Akajibu: "Sheria haisemi nijulikane.
Inasema nijitaje."

Alikuwa mchimba shaba kabla migodi haijafungwa.
Kule chini kila mtu alikuwa na kibati chenye namba:
ukiingia unakichukua, ukitoka unakirudisha msumarini.
Jioni, msumari mtupu haukuhitaji kusema kitu.

Alhamisi ya pili ya Februari umeme ulikatika rasi nzima.
Tukabaki na betri za magari na taa za mafuta.
Alikuwa akinisimulia jinsi alivyochimba theluji
mpaka kwenye dirisha la Bi. Lahti, ampitishie supu,
"na kijiko kikaniponyoka, basi mimi..."

Hakumaliza. Lakini hakuniachia hewa.
Kidole, au mkono mzima, ulibaki juu ya kitufe,
nami nikakisikia chumba chake:
jiko la kuni likitafuna, upepo ukisukuma mlango,
yai likihesabu, tik, tik, karibu na maikrofoni.
Nilitazama saa yangu. Dakika ya nane.

Nilimwita. Anayerusha hasikii;
niliyajua hayo, nikamwita.
Nikampigia simu sherifu wa kule, akasema barabara imezikwa,
watajaribu kwa pikipiki za theluji.
Nikarudi kwenye redio.
Dakika ya kumi yai likalia.
Likalia hadi likachoka,
na hakuna aliyekohoa, hakuna aliyevaa tai.

Betri yake ilidumu hadi saa tisa kasorobo usiku.
Niliisikia ikififia, jiko kwanza, kisha upepo.

Kitabuni mwangu saa ya kuanza imeandikwa.
Safu ya kumaliza ni tupu, na itabaki hivyo.
Sheria inanidai herufi zangu mimi;
za mwenzangu si zangu kuzifunga.

Aune, bintiye, aliniletea lile yai wakati wa mazishi,
limefungwa ndani ya soksi ya sufu.
Linachelewa kidogo, kama sekunde arobaini.
Sijalipeleka kwa fundi.

Juzi aliingia kijana wa Baraga,
leseni yake haijatimiza mwezi,
ana maneno mengi kuhusu antena aliyoifunga kwenye mti wa msonobari.
Dakika kumi na mbili, hajajitaja.
Nilimkatiza. Akacheka:
"Bibi, nani asiyenijua? Hii ni Alhamisi ya tatu!"

Jibu nilikuwa nalo. Sikulitoa.
Nilizungusha yai, nikalisogeza kwenye maikrofoni,
nikabana kitufe,
tukalisikiliza wote wawili.