Hesabu ya Chumba cha Nne

Hokitika, mvua haipigi hodi.
Huingia na wageni, ndani ya buti zao, ndani ya ndevu zao,
na Bi Honora Tierney alikuwa akiwavua buti mlangoni
kabla hajawauliza majina.

Mimi nilikuwa mwosha chupa, miaka kumi na mitatu,
vidole vimenyauka kama zabibu kavu.
Vyumba sita, kuta za turubai na karatasi:
ukikohoa cha kwanza, wa cha sita anakwambia pole.

Ndipo akashuka melini Profesa Cutbush,
kofia ndefu, sanduku linalogongana tumboni,
akapanda juu ya pipa la bia, wachimbaji wakimtazama
na tope la dhahabu isiyoonekana magotini, akanadi:

    Dawa hii ya ajabu
    huondoa kila tabu,
    jongo, pumu na ghadhabu,
    shilingi mbili kwa chupa.

    Mzee hupata meno,
    bubu hujaa maneno,
    kichanga, tone si neno,
    usingizi utampa.

"Kizuri chajiuza," alisema Bi Honora, akipangusa meza.
Lakini Profesa hakuwa na fedha ya chumba cha nne.
Alilipa kwa chupa. Zikapangwa nyuma ya kaunta
kati ya ramu na mafuta ya taa.

Bi Prudence Ollerenshaw, aliyeapa mbele ya mchungaji
kutogusa kileo mpaka kaburini,
alikunywa vijiko vitatu kabla ya chakula cha jioni,
vinne baada yake,
kisha akatusimulia, mashavu yakiwaka,
jinsi marehemu mumewe alivyokuwa mfupi.
Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote,
mimi niliyejua kilichomo:
molasi, ramu, maji ya kijito, donge jeusi la kasumba,
nililolikoroga usiku kwa mpini wa ufagio,
peni moja kwa ndoo.

Chumba cha tano walikaa akina Pascoe, watu wa Cornwall.
Mtoto wao alikuwa anaota jino.
Baba alirudi kutoka shimoni, tope hadi kifuani,
akiomba usiku mmoja tu.
Usiku ule tulilala sote.
Hata kuta hazikukohoa.

Asubuhi yake sitaisimulia.

Wiki iliyofuata homa ikamwangusha Profesa mwenyewe.
Bi Honora akampelekea kijiko na chupa yake,
lebo imemwelekea, akasimama.
Profesa akageukia ukuta.
"Supu," alisema. "Kama ipo, supu."
Mganga hajigangi; huyu alijua kwa nini.

Akampa supu. Hapo ndipo sijamwelewa hadi leo.
Shingo ya kondoo, shayiri, chumvi,
usiku kumi na mmoja, kichwa chake kiganjani mwake,
tofali la moto limefungwa flaneli miguuni.
Chupa zilizobaki nilizimwaga uani.
Bata wa jirani walilala siku mbili.

Siku aliyoweza kusimama, akakuta karatasi juu ya meza:

    Kitanda, siku thelathini na mbili.
    Mishumaa.
    Supu, bakuli kumi na moja.
    Kufua shuka.
    Sanduku moja, mbao za rimu, futi mbili na nusu.

Alisoma kwa kidole. Kidole kikasimama.
"Hiki sikukiagiza."
Bi Honora alikuwa akimkatia mkate wa safari.
Hakuacha kukata.

Akavua saa yake. Akavua na mnyororo.
Mkate akauchukua.

Chupa nikazisugua kwa majivu, mara tatu,
zikawa vinara vya mishumaa, kimoja kila chumba.
Zilikuwa nzuri, za buluu; wageni walizisifu.
Mpini wa ufagio niliutia jikoni.
Uliwaka kama mti wowote.
Mimi Bi Honora hakuniandikia hesabu.