Ruka

Miaka kumi na tisa nimeandika kwa vidole hivi
yale ambayo hakuna ayasomaye:
pata jina, weka jina,
pata anwani, weka anwani,
fungua bano, funga bano, nuktamkato.
Kampuni ya bima, mjini Tartu, ghorofa ya tatu.
Dirisha langu linatazama mto ulioganda
na kibanda cha mama auzaye samaki wa moshi.

Leo asubuhi Taavet kavuta kiti.
"Urve, pachika programu-jalizi hii kwenye kihariri chako.
Sasa bonyeza. Hapo. Bonyeza tu."
Nikabonyeza.
Kufumba na kufumbua, mistari mia mbili na sita
imejipanga, haina hata kosa la herufi,
kama vyombo vya nyumba inayosubiri wakwe.
Taavet akacheka. Mimi nikatazama vidole vyangu,
sikujua niviweke wapi.

Nisiseme uongo: nilifurahi.
Kufika saa nne nimemaliza kazi ya wiki,
nikanywa kahawa ingali moto,
jambo geni mezani pangu.

Saa nane seva ikaanguka.

Nikafuata nyayo za kosa, ukurasa kwa ukurasa.
Darasa la Mteja lina uga uitwao mwenza.
Mashine, kwa utiifu wake, ilikuwa imeandika:
ukiulizwa u nani, taja kila ulicho nacho.
Basi mke akamtaja mume,
mume akaulizwa, akamtaja mke,
mke mume, mume mke,
mara elfu kumi na moja
hadi nafasi ikajaa, kukawa giza.

Taavet akashika kichwa. "Kosa la kitoto."
Mimi kimya.
Ningeandika kwa mkono ningesita hapo, kwenye mwenza.
Husita hapo kila mara,
tangu Heldur.

Dawa yake ni neno moja juu ya uga: ruka.
Nimeliandika mwenyewe, herufi nne.
Mfumo ukaamka, ukaendelea kuhesabu watu.

Kitufe nitakitumia kesho, na kesho kutwa;
sina wazimu wa kurudi kuchota maji kwa kijiko.
Ila zile kurasa za makosa sijazifuta.
Wenzangu wamekwenda, taa za korido zimejizima,
nazishusha polepole kwa kidole kimoja:
mume, mke, mume, mke,
hadi mstari wa mwisho, uliokatika
katikati ya jina la mume.