Kiimbo Nyuma ya Kioo

Saa tisa za usiku, wodi ya njiti, Rotterdam.
Napiga deki. Kioo kinene
kinameza konsonanti zote, kinaniachia
mwinuko na mshuko tu,
kama shati lililovuliwa
lingali na umbo la mabega.

Sjoerd, dereva wa trela, mtu wa maneno matatu kwa siku,
ameinamia sanduku la joto.
Sauti yake inapanda ngazi ambazo sikujua anazo,
inachungulia juu, inateleza, inapanda tena.
Sihitaji Kifrisia kujua ameuliza swali
wala kujua kwamba hadai jibu.

Thuy ana kazi ngumu zaidi.
Kwake silabi ikikosa toni yake huwa neno jingine.
Basi hainui dari peke yake:
ananyanyua nyumba nzima, sakafu na dari,
anaitua juu ya kilima
na hakuna kikombe kilichohama rafuni.
Nilisimama nikisikiliza
mpaka maji ya deki yakaniingia kiatuni.

Nurgül hasikii, hajawahi kusikia.
Mikono yake, ambayo koridoni
hugombana na wauguzi kwa kasi ya cherehani,
mbele ya bintiye inakuwa mipana, mizito,
inachora duara lile lile mara nne,
nyusi zikipanda nayo.
Nikachomoa redio sikioni. Sijui kwa nini.

Na bibi Catarina, wa milima ya Guatemala,
anamsemesha mjukuu kama anavyosema na fundi bomba:
sauti bapa, ya chini, ya mambo yanayohitaji kufanywa.
Nikamuuliza, kwa Kihispania changu cha kuokoteza,
mbona hapandishi.
"Kwetu sauti ya juu ni heshima ya wakubwa," akasema.
"Huyu ana gramu mia tisa."

Nami nilikuwa nimeshaandika, nyuma ya ratiba ya zamu,
kwamba karibu dunia nzima
ina kiimbo kimoja kwa watoto.
Nikaukata mstari.
Nikabakiza neno "karibu".

Wiki ya kumi na moja, mtoto akatolewa mirija.
Catarina akasimama, akajifunga shali upya,
akasema jambo fupi
kwa sauti nyembamba, ya juu kabisa,
ile ya mlangoni pa mkubwa.

Kioo kilikuwa wazi.
Nikasikia konsonanti zote, kavu, kama punje kwenye ungo,
nisielewe hata moja.

Mtoto akapiga chafya.