Pambizo Pana

Boksi limeshuka kwa basi la Jumanne,
limefungwa kamba ya katani, limejaa vumbi la Gairo.
Nimelikata kwa kisu cha kumenyea mihogo,
maana mkasi wa ofisi uliondoka na Mtendaji wa Kata
mwezi wa tatu, na Mtendaji naye kahamishiwa Chemba.

Vitabu kumi na vinne. Nimevinusa kwanza.
Kisha daftarini, kisha muhuri,
kisha rafu ya dirishani, ambayo jua la Mpwapwa
huifikia saa kumi tu, likiwa limeshachoka.

Sasa uliza, uambiwe.

Wewe mwenye haraka, beba hiki chembamba cha kuvu.
Utajua kwamba uyoga unaouchuma kichuguuni masika
ni tunda tu. Mwili wenyewe uko chini,
unalimwa na mchwa gizani
kama bustani ya mchicha isiyokwisha zamu.

Nesi Sechelela, chako ni kile kinene cha damu.
Usiogope unene. Ukurasa wa tisini unaeleza,
kuliko semina yoyote uliyopewa soda,
jinsi urithi ule ule wa chembe iliyopinda kama mundu
ukija maradufu humtesa mtoto,
ukija mmoja humkinga na malaria.
Soma mara mbili. Mimi nilisoma mara nne,
nikimkumbuka mdogo wangu.

Cha ndege sikupendekezei.
Kakiandika mtu ambaye hajawahi kuamshwa na kanga.

Kile cha usingizi wa kiangazi
ndicho kilichoninyima wangu.
Chura hujifukia, hujivika tabaka za ngozi yake mwenyewe
kama sanda, akabaki humo miezi na miezi
akijinywea maji aliyoyahifadhi kibofuni,
hadi mvua ya kwanza ibishe hodi juu ya paji lake.
Nilisoma mpaka betri ya taa ikakata.
Miaka arobaini navuka mto ule mkavu kwenda mnadani,
kapu kichwani, nikiamini
sikanyagi mtu.

Na cha nyuki? Kimerudi jana.
Yaledi Mbeleje, mrina asali wa Godegode,
alikaa nacho wiki kumi na moja.
Nilikifungua kukagua kurasa, nikaona penseli,
ukurasa wa sitini na tatu, pambizoni:
*Si kweli. Nyuki wadogo hufunga mlango usiku. Nimewatazama.*
Chini yake, kalamu ya bluu, mkono mwingine:
*Wangu wa Kibakwe hawafungi. Labda si aina moja?*
Na chini kabisa, herufi kubwa za mtoto,
moja imegeuka nyuma kama mbuzi aliyeitwa:
*TUWAHESABU.*

Kanuni iko ukutani, niliibandika mwenyewe:
kuandika kitabuni, faini shilingi elfu mbili.
Nikatoa ufutio. Nikaushika.
Yule mtaalamu wa kitabu, picha yake iko nyuma ya jalada,
ana miwani na anatabasamu vizuri,
lakini sikuona alipoandika kwamba alilala Godegode
hata usiku mmoja, tochi mkononi,
akisubiri viumbe vidogo kuliko punje ya uwele
vifunge nyumba yao.

Yaledi alikuja leo kulipa.
Alikwisha kuikunja noti, jasho limeilowesha.
Nikamuuliza, mlango wanaufunga kwa nini?
Akasema, kwa utomvu na nta, wamevichanganya.
Nikamuuliza, saa ngapi?
Akacheka. Akasema hilo hakuliangalia.

Noti akarudi nayo.

Nimekata daftari la hesabu la zamani,
nikabandika karatasi nne nyuma ya kila kitabu,
zenye mistari, za kujibu.
Ukutani, kwenye kanuni, nimeongeza kwa mkono:
*isipokuwa umeona mwenyewe.*
Penseli zipo kwenye kopo la maziwa. Zichongwe, zisiibwe.

Kile cha ndege nacho nimekisogeza mbele.
Kina pambizo pana.