Ukurasa wa Sitini na Moja

Saa tisa na nusu alasiri, Dundee imeshawasha taa.
Juu ya dohani shakwe wanagombana.
Simu naitia ndani ya debe la mchele,
naisikia ikinguruma humo kama mende.
Saa ya jikoni, ile ya umbo la yai,
naizungusha: dakika kumi na tano. Si zaidi.
Ishbel wa chuoni alisema kichwa changu si kibovu,
kinachoka mapema tu, nikipe pumzi.
Akanipa karatasi ya plastiki ya manjano.
Nikiilaza juu ya ukurasa
herufi zinatulia, kama kuku waliofunikwa tenga.

Si zote.
B na d bado zinaazimana viatu.
Darasa la pili, Muheza, nilisimama nikasoma:
Dada analima.
Kitabu kilisema baba.
Nilichapwa viganja vyote viwili.
Na aliyekuwa akilima kwetu alikuwa dada.
Baba hatukujua aliko.

Sasa nina miaka arobaini na mitatu, nasomea umeme
kwa lugha ambayo kisu chake kina k isiyosema neno.
K ya kisu chetu ndiyo inayoanza kukata.

Rula chini ya mstari. Mstari mmoja.
Nausoma kwa sauti. Chumba cha pili
Mwanakheri, binti yangu, anajizuia kunisahihisha;
nasikia anavyonyamaza.

Ukutani nimebandika vipande vitatu vya waya:
kahawia, buluu, kijani chenye mchirizi wa manjano.
Hivi havijawahi kunidanganya.
Kahawia ukiipindua kichwa chini miguu juu
ni kahawia.
Mikono yangu ilishafaulu mtihani huu,
imekaa inayasubiri macho.

Dakika ya tisa nimepotea.
Shakwe. Mchele unanguruma. Maji yanagonga bomba la joto.
Neno moja nalisoma mara ya nne
na kila mara limevaa vingine.
Zamani ningefunga kitabu
nikaoshe vyombo visivyo vichafu.
Leo naushika ule waya wa kijani kwa kidole gumba,
naurudia mstari polepole:
umeme uliopotea njia
hutafuta ardhi.
Hutafuta ardhi.
Nakaa hapo.

Yai linalia.
Mtihani ni Alhamisi. Nimesoma aya moja na kipande.
"Baba, umemaliza?"
Bado, nasema,
na b imekaa mbele, d nyuma yake,
hakuna aliyezipanga.
Nalizungusha yai tena.