Hesabu ya Januari

Likizo ya baridi, na mvua imetutangulia Nizwa.
Askari amesimama kivukoni, viatu mkononi,
anatwambia wadi imeshuka, ngomeni hakupitiki.
Huku mvua haikimbiwi: watu wametoka kuipokea kama bwana harusi,
wameegesha magari ukingoni, wamefungua chupa za kahawa,
watoto wanayashangilia maji mekundu
yanayobeba makuti, ndala moja, mlango wa jokofu.

Shangazi Shinuna haoni cha kushangilia.
"Wete," asema, "haya tungeyaita manyunyu."
Amejitanda shali mbili juu ya buibui,
amevaa soksi za marehemu mumewe.
Miaka yote hii Maskati, na mji wa wanazuoni
anauona leo kwa mara ya kwanza, kupitia kioo chenye ukungu:
ukuta wa udongo, mnara wa duara, basi.

Tukageuza gari kuelekea Birkat al-Mauz.
Nikamfasiria jina: bwawa la ndizi.
Akainuka kitini. "Ndizi gani?
Mzuzu? Mkono wa tembo? Au hizi za kutafuna tu?"
Sikujua. Vifuta kioo vikanijibia:
huku, kule, huku, kule.

Chuo kikuu kitupu, wanafunzi wamekwenda kwao.
Bendera imelowa, imejiviringisha mlingotini kama kitambaa cha vyombo.
Mlinzi, Mofizul jina lake,
alimtazama bibi mwenye soksi za kiume zinazochuruzika
na hakuuliza kitambulisho.
Akafungua darasa la karibu, akavuta viti viwili,
akasogeza ndoo pale dari linapovuja.

Shangazi hakukaa alipoonyeshwa.
Alikwenda safu ya mbele, akakunja mikono juu ya meza,
mgongo wima,
na nikaiona shingo ya mtoto wa darasa la sita
niijuayo kwa picha moja tu, iliyoliwa kona na mende.

Kisha akainuka, akachukua kalamu ya ubaoni,
akaandika polepole, kwa hati ya kuunganisha:

Gunia lina pishi 42 za karafuu.
Wachumaji ni 6.

Akasita. Ndoo ikahesabu matone.

"Hapa ndipo mwalimu alipoweka chaki chini.
Kengele haikulia. Ilikuwa Januari, kama hivi.
Tukaambiwa nendeni majumbani, msipite njia kuu.
Sikuwahi kunakili swali lote."

Nimesikia habari za sanduku, habari za meli,
za bangili zilizoshonwa ndani ya mto wa kulalia.
Hii ya gunia sijapata kuisikia.

Mofizul hajui Kiswahili,
lakini tarakimu hazina kwao.
Alisimama mlangoni na ufagio wake wa mpira
akanyoosha vidole: mkono mzima, na viwili.

Shangazi akamkazia macho kama anayetaka kugombana.
"Saba," akasema. "Saba, saba, saba..."
akagawa mpaka mchumaji wa sita,
akaligeuza gunia hewani, akalikung'uta.
"Limekwisha."

Akanigeukia.
"Sasa babu yako, mwenye shamba,
alikuwa anakula nini?"

Sikuwa na jibu. Sidhani kama alilitaka.
Alifunika kalamu, akairudisha kidakani,
na nilipochukua kifutio akanipiga mkono.
"Acha. Mwalimu hajasahihisha."

Jumapili watarudi, watalikuta ubaoni:
lugha wasiyoisoma, hesabu ya mtoto mdogo.
Wengine watacheka. Labda mmoja, ambaye nyanya yake
huita sahani sahani na huota kwa Kipemba,
atasimama kidogo kabla ya kufuta.

Nje mvua ilikuwa imechoka.
Mlima ukatoa bega moja katika mawingu.
Mofizul alituletea ndizi tatu, fupi, baridi,
za kutafuna tu.
Shangazi akamrudishia moja,
akanipa moja,
akahakikisha hakuna iliyobaki.