Daftari la Alama

Gongo lake la kwanza lilikuwa tendegu la kitanda.
Baba yake, seremala wa Keko, alilichonga la mninga,
akageuka kidogo, halipo;
mteja wa Tandika akalala chini wiki mbili
huku anatukana.

Hayo alinisimulia mwenyewe, Sikujua Mshangama,
ndani ya basi la kwenda Kampala,
jezi ya wanaume imemfika magotini.
Pale Mutukula askari akauliza, humo begini mna nini?
Akajibu, "Gongo."
Basi zima likashushwa.

Mimi nilikuwa mwandika alama. Mpira sikuwahi kuugusa.
Kazi yangu penseli, kifutio, na kutopepesa macho.

Alirusha taratibu. Watu walicheka:
huyu anarusha, au anawamwagia kuku mtama?
Mpira ulipaa, ukaning'inia,
ukashuka kama mgeni mwenye adabu,
ukigusa ardhi tu, ukabadili nia.
Wiketi chali.
Nami naandika: kitone, kitone, kitone,
ova nzima ya vitone, choroko kwenye ungo.

Miaka tisa. Posho nusu, nusu ahadi.
Kila Idi shangazi zake wa Mtoni waliuliza:
hiyo kriketi ndiyo ile ya farasi?

Kisha siku ile, Gymkhana, jua la saa nane.
Mpira ulipanda mpaka tukausahau.
Yeye chini yake, viganja tayari.
Ukaingia.
Ukatoka.

Daftari halina safu ya mpira ulioponyoka.
Nilitafuta pa kuuandika.
Nikawaandikia wale mbio mbili, nikafunga.

Hakustaafu, wala hakuagwa.
Jina lilikosekana tu kwenye orodha ya Machi,
na ya Juni.

Jana mbwa wa jirani walibweka.
Msoma mita za maji, sare ya buluu,
amepiga goti kando ya ukuta wangu, Chang'ombe,
anafuta vumbi la kioo kwa kidole cha shahada,
kilekile, sugu yake bado iko pembeni.

Nikasema, "Sikujua."

Akanitazama.
Sijui alisikia jina au udhuru.
Akalamba ncha ya kalamu,
akaandika tarakimu zangu, moja moja,
bila kupepesa.